Mkasi na Kicheko: Lugha ya Utani Pale Mada Inapoondolewa

Utangulizi

Katika toleo hili tungependa kuzungumzia jambo ambalo walimu wengi wa lugha tumelipitia lakini hatujaliandika. Ni ule utani unaozuka mara tu mtu mwenye mamlaka anapoziondoa hoja za watu wengine mbele ya hadhira: mwenyekiti anapofunga mjadala, mhariri anapokata makala, au mlezi wa chama anapobandua karatasi ukutani. Swali letu ni hili: watu wanaponyimwa nafasi ya kusema, kwa nini wanacheka? Na kicheko hicho kinatumia nyenzo gani za lugha?

Hatuandiki kama watazamaji wa mbali. Miaka michache iliyopita tulikuwa walezi wa gazeti la ukutani la chama cha Kiswahili cha wanafunzi wetu. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kuandika Kiswahili kwa ujasiri, alileta makala kuhusu posho na maharage ya bwalo. Yalikuwa makala mazuri, ila yalimtaja mpishi mmoja kwa jina. Jioni tuliyabandua, tukaenda zetu nyumbani. Hatukumwambia mtu sababu.

Asubuhi tulikuta pale pale pamebandikwa karatasi nyeupe isiyo na neno, isipokuwa mstari mmoja chini kabisa: “Makala haya yamekwenda likizo. Yatarudi yakipona.” Kufika saa nne wanafunzi walikuwa wamejaa mbele ya ubao huo kuliko siku yoyote ambayo tuliwapa kitu cha kusoma. Mmoja wao alitusalimu kwa adabu zote, “Shikamoo Mwalimu,” kisha akauliza kama wagonjwa wanaruhusiwa kutembelewa.

Tulikasirika, na tunakiri hivyo. Muhula ule ule tulikuwa tumewafundisha wanafunzi hao kinaya, kejeli na tashihisi, tukawapa alama kwa mifano yao. Mifano hiyo ilipotugeukia sisi, tukaona ni utovu wa nidhamu. Wahenga walilisema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Makala haya ni matokeo ya kufikiri upya juu ya karatasi ile nyeupe.

Utani si matusi

Kwanza tutofautishe maneno. Kiswahili kina msamiati mpana katika uwanja huu: utani, mzaha, masihara, dhihaka, kejeli, kebehi, stihizai. Mzaha na masihara ni maneno ya kuchekesha kwa jumla. Dhihaka, kebehi na stihizai humshusha mtu hadhi. Utani ni jambo jingine, kwa kuwa asili yake ni uhusiano. Mtani ni mtu mwenye haki ya kukutania, nawe una haki ya kumtania, na hakuna kati yenu anayeruhusiwa kukasirika.

Huko Tanzania, uhusiano wa namna hii umetajwa sana baina ya Wanyamwezi na makabila yaliyokuwa kwenye njia za misafara ya kwenda pwani, kama Wazaramo. Watani huchekana hata msibani. Mtani anaweza kumwiga marehemu alivyokuwa akitembea au alivyokuwa bahili, na wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Kwa majirani zetu wa Rwanda kuna ubuse, uhusiano baina ya koo ambamo watu wana ruhusa ya kusemana bila kuchukiana. Wanaisimu na wanajamii wanaosoma jambo hili hurejelea mara nyingi makala ya A. R. Radcliffe-Brown ya mwaka 1940 juu ya mahusiano ya utani. Hoja yake kuu ni kwamba utani ni ukosefu wa heshima ulioruhusiwa, na kwamba huwasaidia watu wenye sababu za kugombana wabaki pamoja.

Hapa ndipo tunapopata jibu la kwanza la swali letu. Mwenye mkasi na anayekatiwa maneno yake wana mgongano wa kweli, lakini hawawezi kuachana. Mwanafunzi hawezi kumfukuza mlezi, na mlezi hawezi kuendesha gazeti bila wanafunzi. Matusi yangeuvunja uhusiano huo, na kimya kingeuua. Utani unaushikilia huku ukitoa taarifa kwamba kuna jambo.

Karatasi nyeupe ina historia

Wanafunzi wetu hawakujua kwamba karatasi nyeupe ni mbinu kongwe. Nchini Ufaransa udhibiti ulipewa umbo la bibi kizee aitwaye Anastasie, mwenye mkasi mkubwa mno. Mchoro wake unaojulikana zaidi ni wa mchoraji André Gill, wa mwaka 1874. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, magazeti ya Ufaransa yalitoka yakiwa na nafasi nyeupe pale maneno yalipokatwa, na wasomaji wakawa wanamtania Anastasie kama mtu wanayemfahamu. Gazeti la vichekesho la Le Canard enchaîné, lililoanzishwa mwaka 1915, lilimfanya bibi huyo mmoja wa shabaha zake.

Nchini India, hali ya hatari ilipotangazwa Juni 1975 na magazeti yakawekewa wadhibiti, gazeti la Indian Express liliacha nafasi ya tahariri ikiwa tupu. Siku zile zile, gazeti la Times of India lilitoa tangazo dogo la kifo katika safu ya kawaida ya matangazo ya vifo. Jina la marehemu, ukilisoma kwa sauti, lilikuwa neno “demokrasia” lililokatwakatwa likafanana na jina la mtu. Wafiwa nao walikuwa Ukweli, Uhuru, Imani, Tumaini na Haki. Mdhibiti aliyekuwa akitafuta tahariri kali hakufikiria kusoma safu ya vifo.

Katika Urusi ya Kisovieti palikuwa na kichekesho kilichozunguka kwa mdomo. Mtu anakamatwa akigawa vikaratasi uwanjani. Polisi anavitazama, anaona havina kitu. Anauliza, “Mbona hujaandika neno?” Mtu yule anajibu, “Niandike nini, na kila mtu anajua?”

Tukirudi kwetu Uganda, wapenzi wa tamthilia wanakumbuka kwamba mwaka 1974, katika utawala wa Idi Amin, Robert Serumaga alitoa Amayirikiti, mchezo unaotegemea mwendo na ngoma badala ya maneno. Jukwaa lisilo na maneno halimpi mdhibiti kitu cha kukata. Tusisahau pia kwamba utani haukuwa kinga. Mwandishi wa tamthilia Byron Kawadwa aliuawa mwaka 1977. Nchini Malawi, mshairi Jack Mapanje, ambaye kitaaluma ni mwanaisimu na mwalimu wa chuo kikuu kama sisi, alikamatwa mwaka 1987 akawekwa kizuizini hadi mwaka 1991 bila kufunguliwa mashtaka. Nchini Kenya, Wahome Mutahi, mwandishi wa safu ya vichekesho iliyopendwa sana, alifungwa mwaka 1986. Wengine walifika salama: mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la Redykyulass lilimwiga Rais Moi mbele ya Wakenya, jambo ambalo miaka kumi kabla lisingewezekana.

Kwa mifano hii tunaona kwamba karatasi ya ukutani ya chuo na nafasi nyeupe ya gazeti la taifa ni ndugu, ingawa hatari zake hazilingani hata kidogo.

Sarufi ya utani

Sasa tuingie katika kazi yetu hasa. Wiki zile tulikusanya maneno ya utani yaliyosemwa au kubandikwa, tukayachambua darasani pamoja na watani wetu wenyewe. Yafuatayo ndiyo tuliyoyaona.

1. Kauli za vitenzi. Tangazo rasmi husema, “Makala yameondolewa.” Hii ni kauli ya kutendwa. Mtenda hatajwi, lakini nafasi yake ipo, kwani unaweza kuongeza “na mlezi”. Watani hawakusema hivyo. Walisema, “Makala yameondoka,” kana kwamba yamepanda basi yenyewe. Au walisema, “Makala yamefutika.” Katika kauli ya kutendeka huwezi kusema “yamefutika na mlezi”, sarufi inakataa. Mtani anajifanya haamini kwamba kuna mtu aliyefanya jambo hili, na kwa kumficha mno mtenda, anamwonyesha. Hiki ni kinaya kinachofanywa na kiambishi kimoja.

Mwanafunzi mmoja alikwenda mbali zaidi. Aliandika, “Makala yamefutika lakini hayafutiki.” Kitenzi ni kile kile, kauli ni ile ile. Lakini pamoja na kiambishi cha hali timilifu, kutendeka huonyesha jambo lililotokea, na katika wakati uliopo kwa ukanushi huonyesha uwezekano. Maana yake: yametoweka ukutani, ila hayawezi kutoweka vichwani. Tumefundisha kauli ya kutendeka kwa miaka mingi na hatujawahi kutoa mfano ulio bora kuliko huo.

2. Upatanisho wa ngeli. Kitu kinapopewa upatanisho wa ngeli ya A-WA, kinapata uhai. Wanafunzi walibandika tanzia: “Marehemu Makala ametutoka ghafla jana jioni. Ameacha vichwa viwili vya habari na aya sita.” Tazama “ametutoka”. Kitenzi hiki ni tafsida ya kifo, na kiambishi “a” kimeifanya karatasi kuwa mtu. Upande wa pili, mlezi alikuwa “Bwana Mkasi”. Mkasi ni wa ngeli ya U-I, lakini walisema “Bwana Mkasi amepita”, si “umepita”. Hivyo karatasi ilipanda kuwa binadamu, nasi walezi tukashuka kuwa chombo cha kukatia.

3. Uundaji wa maneno. Kutokana na kitenzi “futa” tunapata kifaa, kifutio. Wanafunzi waliongeza cheo: “Mheshimiwa Kifutio”. Kiambishi “ki” cha kifaa kilichokaa karibu na “Mheshimiwa” kinachekesha kwa sababu cheo kinapandisha na kiambishi kinateremsha. Neno lenyewe la kitaaluma, udhibiti, limetoka katika kitenzi “dhibiti” chenye asili ya Kiarabu. Hatukusikia mtani yeyote akilitumia. Utani hupenda vitu vinavyoshikika: mkasi, kifutio, ufagio, kufuli.

4. Kauli ya kutendea. Tanzania mamlaka ikizuia wimbo, watu husema “umefungiwa”. Kitenzi “fungia” hutumika pia kwa mbuzi bandani au mtu chumbani. Kwa hiyo mlango wa utani uko wazi: wimbo uliofungiwa unaweza kuulizwa kama umepelekewa chakula. Machi 2017 msanii Nay wa Mitego alikamatwa na wimbo wake “Wapo” ukafungiwa, na siku chache hazikupita Rais Magufuli akasema ameupenda na akataka uachiliwe upigwe. Aliyefungia na aliyefungulia wote walikuwa upande wa serikali, na kwa mwalimu wa Kiswahili jozi ya fungia na fungulia ilipata mfano wa kudumu.

5. Shukrani za kinaya. “Tunamshukuru mlezi kwa kutupunguzia mzigo wa kusoma.” Kisarufi hakuna kosa lolote katika sentensi hii, na hakuna neno ambalo unaweza kuliadhibu. Maana haimo katika maneno; imo katika pengo kati ya maneno na hali halisi. Ndiyo maana mwenye mkasi huhangaika: akiikata sentensi ya shukrani, amekiri kwamba anajua haikuwa shukrani.

Kwa nini jambo hili ni zito kwetu

Msomaji anaweza kuuliza: haya si mambo ya wanafunzi tu? Tunadhani hapana, hasa katika nchi yetu. Kiswahili kiliingia masikioni mwa Waganda wengi kupitia jeshi na polisi. Kilikuwa lugha ya amri katika kikosi cha King's African Rifles, kilichoundwa mwaka 1902, na baada ya uhuru kikaendelea kuwa lugha ya askari. Wazazi wa wanafunzi wetu wengi walikijua kwa maneno matatu: simama, toka, nyamaza. Hata baada ya marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 kukipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili, na hata baada ya Baraza la Mawaziri kuidhinisha mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima shuleni, bado tunakutana na mtu anayeshtuka akisikia Kiswahili kwa sauti ya juu.

Sasa fikiria mwanafunzi ambaye nyumbani kwao Kiswahili ni lugha ya kunyamazishwa. Anapoweza kumtania mwenye mamlaka kwa Kiswahili hicho hicho, kwa kuchagua kati ya “imeondolewa” na “imeondoka”, amevuka mto. Lugha imekuwa yake. Hakuna mtihani wetu unaopima jambo hilo, na sisi tulikuwa karibu kumwadhibu kwa kulifaulu.

Mipaka ya utani

Hata hivyo hatutaki kuusifu utani kupita kiasi. Wahenga wametuonya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Utani una masharti yake: mtani amjue anayemtania, wote wawili wawe na haki ya kujibu, na usimguse asiyehusika. Katika wiki ya pili baadhi ya wanafunzi walianza kumcheka mpishi. Mpishi hakuwa mtani wao, wala hakuwa na ubao wa kujibia. Hapo utani ulikuwa umegeuka dhihaka, na tulisema hivyo waziwazi.

Jambo la pili lilitugusa zaidi. Wote walicheka isipokuwa mmoja, yule aliyeandika makala. Siku za tanzia alipita mbele ya ubao bila kusimama. Tulipomwita ofisini alisema tu, “Samahani, Mwalimu, sikujua kama Kiswahili changu kilikuwa kibaya.” Alidhani tumebandua kwa sababu ya makosa ya lugha! Kwa kuwa hatukutoa sababu, alijitafutia mwenyewe, akachukua ile iliyomuumiza zaidi. Utani wa wenzake ulimpa umaarufu ambao hakuutaka, na haukumpa jibu. Tulimwomba radhi, tukambandikia makala yake upya bila jina la mpishi. Lakini mwaka ule hakutuandikia tena.

Tumejifunza kwamba kicheko cha wengi kinaweza kufunika kimya cha mmoja. Mwenye mkasi akisikia watu wanacheka anaweza kujiambia kwamba mambo si mabaya. Afadhali aulize ni nani asiyecheka.

Darasani tufanye nini

Kwa walimu wenzetu, na kwa wanafunzi wanaojiandaa kuwa walimu, tunapendekeza yafuatayo:

Kwanza, wape wanafunzi sentensi moja rasmi, kwa mfano “Mjadala umefungwa na mwenyekiti”, waiandike kwa kauli tofauti na waeleze kila mara mtenda amekwenda wapi. Watagundua wenyewe tofauti ya kutendwa na kutendeka, na hawataisahau.

Pili, waandike tanzia ya kitu kisicho na uhai: penseli, umeme uliokatika, mjadala uliofungwa. Sahihisha upatanisho wa ngeli, kisha jadilini kwa nini A-WA inachekesha hapo.

Tatu, wape sentensi tano za shukrani, wachague zipi ni za kweli na zipi ni za kinaya, na waseme ni muktadha gani uliowasaidia.

Nne, na hili ni la sisi tunaoshika mkasi: ukiondoa kazi ya mtu, acha maelezo mafupi mahali pake, na utie sahihi. Zungumza na mwandishi kabla hujazungumza na ubao.

Hitimisho

Tangu wakati ule gazeti letu la ukutani lina kanuni moja: hakuna karatasi inayobanduliwa bila sababu kuandikwa na jina la aliyebandua kuwekwa. Kanuni hiyo imetusaidia kubandua mara chache kuliko zamani, kwa kuwa sababu nyingi zinazosikika nzuri kichwani zinapoteza nguvu zikiandikwa. Utani juu ya Bwana Mkasi umepungua sana, na tunakiri kwamba wakati mwingine tunaukumbuka.

Karatasi ile nyeupe bado tunayo ofisini. Ikiwa wewe msomaji unafundisha Kampala, Gulu, Kigali, Bujumbura au Bukavu, na umewahi kusikia wanafunzi wako wakimtania mwenye mkasi, tafadhali tuandikie mfano pamoja na muktadha wake. Tutaupokea kwa mikono miwili. Na kama hatutauchapisha, tunaahidi kukueleza kwa nini.